Simu Iliyoita Chini ya Mkeka

Hii ni kweli tupu. Naapa kwa meno yangu mawili ya mbele, ambayo ndiyo yaliyobaki.

Najua humu ndani mnanifahamu. Mimi ndiye yule mzee niliyewasimulia habari ya papa aliyekutwa juu ya nguzo ya umeme kule Savaii baada ya kimbunga. Ile, sawa, niliitia chumvi. Hii haina chumvi hata chembe. Natamani ingekuwa nayo.

Wengine mtasema ni chai. Someni kwanza.

Ilikuwa Jumamosi, ndiyo kwanza kunapambazuka. Nilikuwa nimekaa chini kwenye umande, kichwa nimeinamisha mpaka kidevu kinagusa kifua, nimefunikwa mkeka gubigubi, mbele ya nyumba ya mtu anayeitwa Aukuso. Kijiji cha jirani.

Kwetu Samoa, kijana wako akimwaga damu ya mtoto wa watu, wewe mkuu wa ukoo unakwenda alfajiri kukaa mbele ya nyumba yao, umejifunika mkeka wa heshima, ule laini kama kitambaa wenye manyoya mekundu pembeni. Unangoja.

Wenye nyumba wakiridhika, wanakuja kukufunua. Wasiporidhika, wanaweza kukutwanga mawe ungali humo humo ndani.

Tunaita ifoga. Ukiwa mle husemi. Hukohoi. Ukiwashwa, unawashwa tu hivyo hivyo.

Basi nikiwa katika hali hiyo, simu yangu ikaita.

Na mlio wenyewe alioniwekea mjukuu wangu ni wa jogoo.

Jogoo akawika chini ya mkeka. Majogoo wa kijiji kizima wakamjibu.

Ngoja nirudi nyuma, ili mjue nilifikaje pale.

Mimi naitwa Sakaria. Nimefanya kazi ya kupanda nguzo za umeme mpaka magoti yakakataa, nikastaafu. Ukistaafu kijijini kinachobaki ni kukaa kwenye benchi la duka la Penitito na kupiga fiksi. Nilikuwa bingwa. Watu walikuwa wakiagiza kopo la samaki na kisa kimoja cha Sakaria.

Mjukuu wangu anaitwa Etuale. Mama yake, binti yangu Tiresa, anafanya kazi za usiku kule Auckland, kwa hiyo mtoto tumemlea mimi na mke wangu Fuatino. Mwaka huo alikuwa kidato cha mwisho. Mtihani ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Hatukuwa na mwingine katika ukoo aliyewahi kufika pale. Nyumba nzima tulikuwa tunatembea kwa kunyata akisoma.

Sasa Ijumaa jioni, baada ya kengele ya sala, niko zangu kwa Penitito. Redio inasema.

"Uongozi wa shule mbili unawatangazia wazazi. Kufuatia vurugu za wanafunzi zilizotokea mchana wa leo kituo cha mabasi sokoni, wanafunzi wafuatao wamesimamishwa masomo. Mwanafunzi mmoja amelazwa, hali yake si nzuri. Jina lake limehifadhiwa kwa heshima ya familia. Wazazi wafike shuleni Jumatatu saa tatu asubuhi."

Halafu majina. Yamepangwa kwa alfabeti, shule zote mbili zimechanganywa, aliyepiga na aliyepigwa kwenye chungu kimoja.

Likasomwa la Etuale. Mbele kidogo likasomwa la Ropati, mtoto wa Aukuso.

Benchi zima likanigeukia.

"Mzee Sakaria," Penitito akasema, "huyo si Etuale wako?"

"Ndiye."

"Kumbe mpole vile naye anarusha ngumi. Sasa amewalaza wangapi?"

Hapo ndugu zangu, mtu mwenye akili zake angeinuka akaenda kutafuta mtoto. Mimi nikaona macho ya watu. Nikaona wamenisogelea.

Nikasema, "Watatu."

"Acha wee."

"Wa kwanza alimpiga kichwa, akakaa chini kama amesahau kitu. Wa pili akaingia mwenyewe kwenye lundo la nazi. Wa tatu ndiye yule mrefu wa Aukuso. Huyo sasa, mh." Nikatikisa kichwa kwa huruma. "Huyo ndiye aliyelazwa."

"Umejuaje na wewe ulikuwa hapa tangu mchana?"

"Si amenipigia simu mwenyewe. Etuale. Anahema kama mbwa. Babu, kasema, sikutaka, lakini walinianza."

Mwaona nilivyotia na majuto kidogo. Fiksi bila majuto haikai.

Benchi likacheka, mmoja akaninunulia soda. Nikaenda nyumbani nimevimba kifua. Mambo yalikuwa yamenitangulia.

Fuatino alikuwa amesimama mlangoni.

"Redio imemtaja Etuale. Yuko wapi?"

Msahau yote, msisahau swali hilo. Ndilo alilouliza kwanza. Hakuuliza kapiga nani.

"Yuko wapi, Sakaria? Basi la mwisho limepita."

Na watoto wa jirani walikuwa nyuma yake, ambao tayari walishasikia habari ya dukani. Mmoja akadakia, "Kampigia babu simu."

Fuatino akanitazama. "Kakupigia?"

Ningeweza kusema hapana. Neno dogo vile.

"Kanipigia," nikasema. "Yuko mjini kwa shangazi yake. Anaona haya kuja. Mwache apoe."

Akashusha pumzi. Akaweka mfuniko kwenye sahani ya magimbi ya mtoto, akaenda kulala. Akalala kabisa, kwa sababu nilimwambia mtoto yuko salama.

Kabla sijalala mimi, akaja mwenyekiti wa baraza la wakuu wa kijiji na wenzake wawili. Penitito naye yuko nyuma, ana habari.

"Nimepita kwa Aukuso na baiskeli," Penitito akasema. "Mama mtu analia mpaka nje kunasikika. Ni kweli. Ni Ropati aliyelazwa."

Yule Ropati nilikuwa nimemchomoa tu kwenye redio, kama unavyochomoa samaki wa kwanza kwenye tenga. Sasa uongo wangu umepata shahidi.

Mwenyekiti akasema, "Sakaria, mtoto wa watu anaweza kufa. Kesho jua likukute kwa Aukuso, na mkeka. Tutakwenda na wewe. Tukichelewa, vijana wao watakuja na mapanga."

"Tusingoje kwanza tuhakikishe?"

"Tuhakikishe nini? Si amekwambia mwenyewe kwenye simu?"

Hapo ndipo niliponaswa. Nikiri kwamba hakuna simu, niwe nimemwita mjukuu wangu mhuni dukani bure. Nisikiri, nikakae chini ya mkeka. Nikaona mkeka ni nafuu. Nikajiambia, redio imelitaja jina lake, lazima kafanya kitu. Shule haiwezi kumtaja mtoto bure.

Nikamwamsha Fuatino, akafungua sanduku. Mkeka ulikuwa mmoja tu. Aliusuka mama yangu mpaka macho yakamharibika, nao ulikuwa umewekwa kwa ajili ya mazishi yangu. Pembe moja ililiwa na panya, Fuatino akaishona kwa manyoya ya kuku aliyoyatia rangi, maana ya kasuku hayakupatikana. Ukiutazama vizuri utaona pembe ile ina wekundu mwingine.

"Umesahau huu uliwekewa nini?" alinambia. "Nilitaka kukuzika nao."

"Utanizika na shuka."

"Nitakuzika na gazeti," akasema.

Basi sasa turudi pale, nimefunikwa, jogoo anawika kiunoni mwangu.

Niliuacha mlio uwike, ukakatika. Ukaanza tena. Mwenyekiti, aliyekaa nyuma yangu, akanong'ona ameuma meno, "Uue huyo kuku."

Nikachomoa simu nikitaka kuizima. Nikaona jina la Tiresa. Tiresa hapigi alfajiri. Sijui kwa nini, nikaiweka sikioni.

"Baba." Analia. "Ameamka?"

"Nani?" nikanong'ona.

"Etuale, baba. Ndiyo natoka kazini sasa hivi, nakuta ujumbe wa nesi. Ameikuta simu yake mfukoni akatafuta palipoandikwa Mama. Anasema kapigwa jiwe la sikio tangu jana mchana na hana mtu. Baba, kwa nini hana mtu?"

Mle ndani kulikuwa na giza na harufu ya sanduku.

"Kapigwa na nani?"

"Mwalimu aliyemfikisha alisema ni kijana wa shule ile nyingine, anaitwa Ropati. Baba, uko wapi? Uko naye?"

Nikasikia miguu inakuja kwenye majani.

Nikakata simu.

Mkeka ukainuliwa. Mwanga ukaniingia machoni. Aukuso alikuwa amesimama juu yangu, macho mekundu. Mtu ambaye hajalala.

"Inuka, ndugu yangu," akasema. Haraka sana. "Yameisha. Hatuna kinyongo. Yameisha kabisa."

Na mkeka wangu akaukunja akampa mkewe.

Tukaingizwa ndani. Ikaletwa kakao ya moto na mikate. Na aliyeileta ni kijana mrefu, mzima wa afya, uso hauna hata mkwaruzo. Mkono wa kulia tu umefungwa kitambaa. Alinipa kikombe bila kunitazama.

Mwenyekiti akanitazama. Penitito, aliyetufuata naye, akaacha kutafuna.

"Huyu ni nani?" mwenyekiti akauliza.

"Mwanangu Ropati," Aukuso akasema, anatazama chini.

Mngekuwa nyinyi mngesema. Najua. Hata mimi nikiisimulia dukani najisikia nikiinuka na kukipiga teke kile kikombe. Lakini sikuinuka. Nikisema, "Huyu ndiye aliyempiga mjukuu wangu," wataniuliza, "Si ulisema Etuale ndiye aliyempiga huyu? Si alikupigia simu?"

Nikanywa kakao. Nikasema ahsante.

Ilikuwa tamu. Ndicho kitu kinachoniuma mpaka leo, kwamba ilikuwa tamu.

Njiani ndipo nilipomwambia mwenyekiti ukweli. Alishuka kwenye gari akaendelea kwa miguu.

Nikampitia Fuatino, tukaenda hospitali. Etuale alikuwa amefungwa kichwa chote, jicho moja limevimba. Fuatino akamshika miguu. Mimi nikasimama upande wa kushoto nikamwita. Hakugeuka. Nikazunguka upande wa pili.

"Babu. Ongea huku. Kule hakusikii."

"Ilikuwaje, mwanangu?"

"Nilishuka kwenye basi kumnunulia bibi mikate ya nazi. Wakaona rangi ya shati la shule. Basi."

"Hukurusha ngumi?"

"Nilikuwa nimeshika mikate, babu."

Halafu akasema, "Mwalimu alinambia nisihofu, nyumbani wameshatangaziwa. Mlisikia?"

"Tulisikia."

"Jana?"

"Jana jioni."

"Nilikuwa nautazama mlango," akasema. Hakulaumu. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Fuatino akanitazama. Akaitoa sahani yake ya magimbi kwenye kikapu, ile ile ya jana, akaiweka mezani polepole. Hakunisemesha siku hiyo, wala wiki hiyo.

Jumatatu nikaenda shuleni. Nimevaa shati jeupe la kanisani. Mwalimu mkuu ni mtu wa sauti ya chini, ana feni inayogeuka kulia na kushoto, na yeye anageuka nayo.

"Mwalimu," nikasema, "mwanangu alipigwa. Hakupigana. Mbona mmemfukuza pamoja na waliompiga?"

"Hatujamfukuza, mzee. Tumemsimamisha mpaka mwakani. Hatutafuti nani alianza. Tukitafuta nani alianza hatutamaliza."

"Mtihani ni mwezi wa kumi na moja."

"Wenzake wote pia."

"Na kwa nini hamkutupa habari kwamba amelazwa?"

"Tulitangaza."

"Mlitangaza kuna aliyelazwa. Jina mkalificha."

"Kwa heshima ya familia."

"Familia ni mimi."

Feni ikazunguka, naye akazunguka nayo. "Mzee Sakaria, mwalimu wetu alimsindikiza mpaka kitandani. Tulijua yuko mahali salama."

"Mlijua nyinyi."

"Habari zote kwa wazazi zinatoka mahali pamoja, redioni, ili wote wasikie sawa. Tukianza kumpigia huyu na kuacha yule, tutaambiwa tuna upendeleo."

Nikaona hapa nitapigana na ukungu. Nikasema, "Basi leo sikia kwangu. Etuale hana kosa. Mwondoe kwenye majina yale."

Ndipo akaiweka mikono mezani. Kwa upole kabisa.

"Ningependa. Lakini wewe mwenyewe ulisema dukani, mbele ya watu, kwamba amewapiga watatu. Kwamba alikupigia simu akakiri. Mwalimu wetu mmoja anatoka kijijini kwenu, alikuwepo ananunua sukari. Halafu Jumamosi ukaenda kukaa chini ya mkeka. Mkuu wa ukoo hakai chini ya mkeka kwa ajili ya mtoto asiye na kosa. Baraza letu la shule limesikia hayo, limeona ushahidi unatosha. Ushahidi wenyewe ni wewe."

Nilitafuta kisa cha kujibu. Mimi, Sakaria. Sikukipata.

"Na kama ule wa dukani ulikuwa uongo?" nikauliza.

"Basi nani atanithibitishia kwamba huu wa sasa ni ukweli?"

Mmeona nilivyoumbuka.

Kulikuwa na njia moja. Nikaenda mbele ya baraza la wakuu wa kijiji, mchana kweupe, kila mkuu ameegemea nguzo yake ya nyumba ya baraza, nikakaa mahali pa mtu mwenye kesi. Nikasema hakukuwa na simu. Nikasema hakukuwa na watatu. Nikasema lundo la nazi nalo nilitunga.

"Hata lundo la nazi?" mzee mmoja akauliza, ameumia.

"Hata lundo."

Mwenyekiti akasema, "Umetupeleka wakuu wazima kuomba radhi kwa mtu aliyemjeruhi mtoto wetu. Tumekunywa kakao yake. Unajua kijiji kile kinatuitaje sasa?"

"Kinatuitaje?"

"Wageni wa kifungua kinywa."

Hakuna aliyecheka.

Wakanitoza faini: jike langu kubwa la nguruwe, lile ninaloliita Malkia, na makatoni ya samaki wa kopo. Na mwenyekiti aende na mimi shuleni kuthibitisha kwamba mimi ni mwongo. Hicho ndicho cheti nilichokwenda kukiomba.

Mwalimu mkuu akatusikiliza, akakubali nusu. Etuale anaweza kufanya mtihani, lakini kama mtu wa nje. Asivae sare. Darasani asikanyage mpaka siku ya mtihani.

"Na redioni?" nikauliza. "Mtasema kwamba hakuwa na kosa?"

"Mzee, tukianza kurekebisha matangazo, wazazi wataacha kuyaamini."

Siku tuliyomchinja Malkia, asubuhi kabla moto haujawashwa, Fuatino akaniita. Neno lake la kwanza tangu hospitali.

"Njoo uone."

Mbele ya nyumba yetu kulikuwa na mtu amekaa kwenye umande, amefunikwa mkeka. Pembeni yake kijana mrefu, kichwa chini, hajafunikwa na kitu.

Nikasogea. Nikatazama manyoya. Pembe moja ilikuwa na wekundu mwingine.

Mkeka wangu.

"Aukuso," nikasema.

"Siruhusiwi kusema," sauti ikatoka ndani.

"Sema tu. Mimi niliongea na simu."

Akasema, "Asubuhi ile mke wangu alikuwa ameshautoa mkeka wetu, tunakuja kwenu. Mtoto alishatueleza. Mama yake alilia usiku kucha. Tukatoka nje tukakukuta wewe. Nikadhani labda wenu naye kafanya kitu tusichoambiwa, redio ilisoma wote. Halafu nikaona ulivyonitazama ulipopewa kikombe. Nikajua hakuna kitu. Nikanyamaza. Nilisema, huyu mzee amenisamehe kabla sijaomba, mimi ni nani nimkatalie."

"Mbona umekuja na mkeka wangu?"

"Wangu ningekuja nao kama ningewahi. Huu ni wako. Sitaki kubaki nao."

Niliwaza mambo mengi. Mawe yalikuwepo, ya kutosha. Lakini kwa vile nilikuwa nimeshakaa mle ndani, najua kulivyo.

Sikumfunua mimi. Nilimwita Etuale. Akatoka, shavu bado la manjano, akageuza sikio lake zima kumsikiliza, akasimama. Akamtazama Ropati muda. Halafu akainama akainua pembe moja ya mkeka, ile iliyoshonwa, akaiacha hapo hapo nusu. Akarudi ndani kusoma.

Nusu. Aukuso akatoka kwa upande ule, kwa kutambaa.

Mchana wakuu wakamla Malkia. Mimi ndiye niliyewahudumia, kama ilivyo desturi kwa aliyetozwa. Penitito naye alikuja, shahidi hakosi mfupa. Alipokwisha kushiba akajifuta mdomo, akaniita mbele ya wote.

"Mzee Sakaria, hebu tusimulie tena ile ya watatu. Ile ya nazi ilikuwa tamu sana."

Wakanigeukia. Macho yale yale.

Upande wa nyumba Etuale alikuwa kwenye mwanga, kitabu mapajani, sikio lake bovu limetuelekea. Hakusikia.

Nikamwongezea Penitito nyama.

Ndugu zangu, redio ikisoma jina la mtoto wako, au shule ikikutumia ujumbe, watu watakuuliza kampiga nani, kawapiga wangapi, nani alianza. Shule nayo itakupa kila kitu isipokuwa jibu la swali la Fuatino. Ulizeni lile kwanza, na msikae chini mpaka mjibiwe. Yuko wapi.

Nilitaka kuishia hapo, lakini Etuale amechungulia begani kwangu akasoma. Anasema nimedanganya mahali. Malkia hakuwa jike kubwa kama ninavyojifanya, lilikuwa limekonda, na wakuu walilalamika.

Sawa. Lilikuwa limekonda. Amesema faini yangu ni kwenda leo hii mjini, kwa miguu yangu hii hii, kumnunulia bibi yake ile mikate ya nazi.

Naenda.